Kuelewa “get”, kitenzi kifupi cha Kiingereza chenye kazi nyingi

Anayeanza kujifunza Kiingereza hukutana na “get” mapema, na karibu kila mara huambiwa kwamba maana yake ni kupata. Jibu hilo humfaa kwa siku chache. Kisha husikia “get up”, “get tired”, “I don't get it”, “I've got to go”, na humo kote haoni kilichopatikana. Akifungua kamusi anakuta safu baada ya safu ya maana, na wengi hukata tamaa hapo, wakiamini kwamba neno hili halina utaratibu.

Utaratibu upo. “Get” husema kwamba kuna mabadiliko: kitu au mtu ametoka hali moja akaingia nyingine. Ufunguo haukuwa mkononi mwangu, sasa ninao: “I got the key.” Sikuwa tayari, sasa niko tayari: “I got ready.” Sikuwa nyumbani, sasa nipo: “I got home.” Vitenzi “have” na “be” hueleza hali yenyewe ilivyo (“I have the key”, “I am ready”, “I am home”), na “get” hueleza kuingia katika hali hiyo. Kwa hiyo maana ya “get” huamuliwa na neno linaloifuata. Ikifuatwa na nomino, mabadiliko ni ya umiliki. Ikifuatwa na kivumishi, ni ya hali. Ikifuatwa na mahali, ni ya kufika. Mwenye kushika hilo hahitaji kukariri orodha ya kamusi, isipokuwa sehemu moja ambayo tutaifikia.

Neno lenyewe si la Kiingereza kwa kuzaliwa. Lilitoka kwenye lugha ya Waviking waliohamia Uingereza kuanzia karne ya 9, ambao walisema “geta”. Kiingereza cha zamani kilikuwa na ndugu wa neno hilo, lakini kilimtumia akiwa ameunganishwa na kiambishi mbele. Mabaki yake yako katika “forget” na “beget”.

Inapofuatwa na nomino

Hapa ndipo “kupata” inapofanya kazi, pamoja na jamaa zake: kupokea, kununua, kuleta, kuchukua. “I got a letter” ni nilipokea barua. “I got a new phone” haisemi kama simu ilinunuliwa au ilitolewa zawadi. Inasema tu kwamba sasa ninayo, na msikilizaji akitaka kujua zaidi atauliza. “Get the bus” ni kupanda basi kama njia ya kusafiri. “Get the door” ni kwenda kumfungulia anayebisha, na “get the phone” ni kupokea simu inayolia. “Get a cold” ni kushikwa na mafua. “I don't get it” ni sielewi, yaani maana haijanifikia.

Ikifuatwa na mtu na kitu, zingatia kihusishi. “Get me a chair” na “get a chair for me” zote ni niletee kiti. Ukiweka “to” badala ya “for”, maana inahama: “Get the report to me by Friday” ni hakikisha ripoti imenifikia kabla Ijumaa haijapita. Yaani “for” humtaja anayenufaika, na “to” hutaja mwisho wa safari ya kitu hicho.

Tena, “get” ya namna hii haigeuzwi kuwa kauli ya kutendwa. Hakuna anayesema “The letter was got yesterday.” Ukihitaji sentensi hiyo, badilisha kitenzi: “was received” kwa kilichopokelewa, “was obtained” kwa kilichotafutwa.

Tatizo kubwa zaidi kwa Mswahili linatoka upande wa pili, kwa sababu “kupata” nayo ni pana, na mipaka yake hailingani na ya “get”. Tunapata ajali, lakini kwa Kiingereza ni “have an accident”. Tunapata mtoto, nao wanasema “have a baby”. Ukisema “get a baby” msikilizaji atashangaa mtoto huyo kachukuliwa wapi. Tunapata hasara au faida, wao “make a loss” na “make a profit”. Tunapata chakula cha mchana, wao “have lunch”, kwa kuwa “get lunch” ni kwenda kukitafuta au kukinunua. Kupata shida mara nyingi ni “have trouble” au “have problems”, na “get into trouble” ni jambo jingine: kujiingiza matatani, kwa kawaida kwa kosa lako mwenyewe. Mahali ambapo lugha hizi mbili zinaelewana ni pamoja na “get a job”, “get an answer”, “get a chance”, “get permission” na “get news”.

Inapofuatwa na kivumishi

Sehemu hii ndiyo yenye manufaa makubwa kwetu, kwa sababu Kiswahili kina tofauti hiyo hiyo ya “be” na “get”, ila tunaibeba ndani ya viambishi vya wakati. Chukua kitenzi kuchoka:

Nimechoka: “I am tired.”
Ninachoka: “I am getting tired.”
Nilikuwa nimechoka: “I was tired.”
Nilichoka: “I got tired.”

Vitenzi vya aina hii ni vingi: kulewa, kukasirika, kuzeeka, kunenepa, kulowa, kupotea, kuzoea. Kimsingi vyote hutaja kuingia katika hali. Kiambishi -me- kikiwekwa, tunatazama hali iliyobaki baada ya badiliko, na Kiingereza hutumia “be”. Viambishi -na- na -li- vikiwekwa, tunatazama badiliko lenyewe, na Kiingereza hutumia “get”. Amekasirika ni “he is angry”. Alikasirika aliposikia ni “he got angry when he heard”. Watu wanaosema “I have tired” wamefuata -me- ya nimechoka, wakadhani ni lazima iwe “have”. Kosa linaeleweka, na dawa yake ni kujiuliza kama unazungumzia hali au badiliko kabla ya kuchagua kitenzi.

Tofauti hiyo hubadilisha habari inayofika kwa msikilizaji. “It was dark when we left” maana yake giza lilikuwa limeshaingia tulipoondoka. “It got dark when we left” inasema giza liliingia tulipoondoka, kana kwamba lilitungojea. Vivyo hivyo “Are you married?” ni je, umeoa au umeolewa, “When did you get married?” ni ulifunga ndoa lini. Kuhusu ndoa, kihusishi ni “to”: “She got married to a teacher.” Kwa kuwa tunaoana na mtu, ulimi huvutwa kwenye “with”, lakini “get married with” haikubaliki.

Mipaka ipo. “Get” hufuatwa na kivumishi inapomaanisha kuwa, haifuatwi na nomino. Alikuwa daktari baada ya masomo marefu ni “she became a doctor”. Ukisema “she got a doctor”, umesema alipata daktari wa kumtibu. Njia ya kuikwepa kidogo ni “get to be”, kama katika “he got to be manager”, ambayo ina ladha ya mazungumzo. Pia kuna hali ambazo Kiingereza huzipa vitenzi vingine: rangi huchukua “go” au “turn” (“his face went red”), na mabadiliko kadhaa mabaya ya mwili au ya vitu huchukua “go”, kama “go blind”, “go deaf”, “go bald”, na chakula kinachoharibika huwa “go bad”. Hizi hukaririwa kwa vikundi. Mabaya mengine hubaki na “get” bila shida: “get sick”, “get worse”.

Kuzoea

“Used to” huleta vurugu kwa sababu maneno yaleyale hutumika kwa mambo mawili. “I used to drive at night” ni zamani nilikuwa nikiendesha gari usiku, na sasa siendeshi. Hapo “used to” hufuatwa na kitenzi kitupu. “I am used to driving at night” ni nimezoea kuendesha usiku. “I got used to driving at night” ni nilizoea, yaani kulikuwa na kipindi cha kujifunza. Katika hizi mbili za mwisho “to” ni kihusishi, hivyo kitenzi kinachofuata huwa na -ing, na panaweza kuwa na nomino tu: “You will get used to the noise.” Tena ni ile hesabu ya -me- na -li-: nimezoea ni “be used to”, nilizoea ni “get used to”.

“Get” na kauli ya kutendwa

Kila mwanafunzi hufundishwa kwamba kutendwa kwa Kiingereza ni “be” na umbo la tatu la kitenzi: “He was arrested.” Katika mazungumzo watu husema pia “He got arrested.” Zote ni alikamatwa, lakini hazibadilishani kila mahali.

Kwanza, “get” hutaja tukio, haitaji hali. “The window was broken” ina utata: huenda dirisha lilikuwa limevunjika tulipofika, au lilivunjwa saa hiyo. “The window got broken” ina maana moja tu, kwamba kitendo kilitokea. Kwa sababu hiyo vitenzi vya kujua, kuamini au kumiliki havipendi “get”. Hakuna “it got known that” wala “the house got owned by”.

Pili, “get” hupenda matukio yanayomgusa mhusika kwa ubaya au kwa heri: “get fired”, “get robbed”, “get hurt”, na pia “get paid”, “get promoted”, “get chosen”. Jambo lisilomgusa mtu kwa namna hiyo hubaki na “be”: “The bridge was built in 1932.” Ukisema “the bridge finally got built”, umeongeza hisia kwamba watu walilingoja muda mrefu.

Tatu, “got” huweza kudokeza kwamba mtu mwenyewe alichangia. Mtu akisema “He got himself arrested”, hiyo “himself” inamtupia lawama waziwazi.

Kisarufi, “get” hapa ni kitenzi cha kawaida na huhitaji “do” katika swali na kukanusha: “Did he get paid?”, “He didn't get paid.” Ukigeuza ukasema “Got he paid?” umetumia kanuni ya “be” mahali isipostahili.

“Get dressed”, “get lost”, “get stuck”, “get divorced” zinafanana na hizi kwa sura, ingawa kwa maana ziko karibu na vivumishi: kuvaa, kupotea, kukwama, kuachana. Angalia tu kwamba “Get lost!” ikisemwa kama amri ni potelea mbali, na ni matusi mepesi.

Kufanyiwa jambo, na kufanyisha

Kiswahili husema aliibiwa simu. Mtu ndiye mada ya sentensi, simu inafuata, na kitenzi kimebeba yote. Kiingereza hakina mnyambuliko huo, na ndiyo maana tafsiri ya moja kwa moja, “He was stolen his phone”, huharibika. “He was stolen” ni mtu mwenyewe aliibwa. Njia sahihi ni kuanza na kitu, “His phone got stolen”, au kumwanza mtu kisha kukiweka kitu katikati: “He got his phone stolen” au “He had his phone stolen.”

Mpangilio huo wa pili, mtu + “get” + kitu + umbo la tatu, ndio unaobeba pia maana ya kufanyisha. Nilinyolewa nywele ni “I got my hair cut.” Niling'olewa jino ni “I got a tooth pulled.” Nilipigwa picha ni “I got my picture taken.” Kitu lazima kije kabla ya umbo la tatu. Ukikosea mpangilio ukatumia “have”, sentensi hubadilika kabisa: “I had my hair cut” ni nilinyolewa, na “I had cut my hair” ni nilikuwa nimezikata mwenyewe.

Kuna jambo la kuangalia katika maisha ya kawaida. Kwa Kiswahili mtu husema nimetengeneza gari hata kama kazi yote ilifanywa na fundi, na kila mtu anamwelewa. Kiingereza ni kikali zaidi hapo: “I repaired my car” inamaanisha ulishika spana mwenyewe. Kama ulimpelekea fundi, sema “I got my car repaired.” Vivyo hivyo na kupaka rangi nyumba, kushona nguo, kupima macho (“get my eyes tested”). Isipokuwa kwa shughuli kubwa zinazojulikana hazifanywi na mtu mmoja, kama “we built a house”, Kiingereza hutaka ukweli kuhusu nani alifanya kazi.

Mpangilio huu huu una maana ya tatu, ya kukamilisha: “I got the work done” mara nyingi ni niliimaliza kazi, kwa mikono yangu. Muktadha ndio unaoamua. Na tahadhari moja kuhusu viungo vya mwili: alivunjika mguu ni “he broke his leg”, ingawa hakuuvunja kwa makusudi. “He got his leg broken” humfanya msikilizaji atafute aliyemvunja.

Kama anayetenda ni mtu na unataka kumtaja, “get” hudai “to”: “I got him to sign the form.” Hapa ndipo vitenzi vinne vya Kiingereza vinapotofautiana kwa maana na kwa umbo. “I made him sign” ni nilimlazimisha. “I had him sign” ni nilimpa kazi hiyo, kwa mamlaka au kwa mpango. “I let him sign” ni nilimruhusu. “I got him to sign” ni nilimfanya akubali, kwa kumshawishi, kumbembeleza au kumngoja, na kwa kawaida ilichukua juhudi. Vitatu vya kwanza havitaki “to”, “get” peke yake inaitaka. Watu wengi husema “made him to sign” na “got him sign”, yaani wamebadilishana kanuni.

“Get” ikifuatwa na kitu na -ing, maana yake ni kuanzisha mwendo: “get the engine running”, kuiwasha injini hadi inguruma, “get them talking”, kuwafanya waanze kuzungumza.

“Get to” na “have got to”

“Get to” ikifuatwa na mahali ni kufika: “We got to the station at six.” Hata hivyo “home”, “here” na “there” hazitaki “to”: “get home”, “get there”. Usiichanganye na “arrive”, ambayo huchukua “at” au “in”, wala na “reach”, isiyochukua kihusishi chochote.

“Get to” ikifuatwa na kitenzi ni kupata nafasi au kubahatika: “I got to meet her” ni nilibahatika kukutana naye. “Do I get to choose?” ni je, naruhusiwa kuchagua? Na “get to know” ni kufahamiana taratibu: “We got to know each other at work.”

“Have got to” ni lazima. Basi “I get to go” ni ninapata fursa ya kwenda, na “I've got to go” ni lazima niende: la kwanza lina furaha, la pili lina wajibu. Tatizo ni kwamba katika usemi wa haraka “have” humezwa, na watu huandika walichosikia: “I got to go.” Msomaji anaweza kulielewa kama nilipata nafasi ya kwenda, jana, au kama lazima niende, sasa hivi. Katika maandishi weka “'ve” daima unapomaanisha lazima. Umbo “gotta” unaloliona kwenye ujumbe wa simu ni “got to” ya lazima tu.

“Have got” bila “to” ni kuwa na kitu, sawasawa na “have”: “I've got two brothers.” Imetokana na nimepata, ikageuka kuwa ninacho, na hapo ndipo “get” inapoonekana kutoka kwenye kanuni yake ya mabadiliko. Hutumika kwa wakati uliopo tu. Wakati uliopita sema “I had two brothers”. Swali ni “Have you got a pen?” au “Do you have a pen?”, kuunganisha zote mbili, “Do you have got”, ni kosa. Jibu fupi la swali la kwanza ni “Yes, I have”, bila “got”. Wala haitumiki kwa mazoea: “I usually have tea in the morning”, kwani “have” hapo ni kunywa.

Marekani wameweka tofauti ambayo Uingereza haina. Mmarekani akisema “I've got a letter”, ana barua sasa. Akisema “I've gotten a letter”, anazungumzia kupokea. “He has gotten better” ni nafuu imeingia. Mwingereza kwa kawaida husema “got” kote kote. Umbo “gotten” si uvumbuzi wa Marekani. Lilikuwa likitumika Uingereza zamani, likafifia huko, na bado limebaki katika “ill-gotten”, mali iliyopatikana kwa njia chafu. Chagua mtindo mmoja ukae nao. Ila hata Marekani usitumie “gotten” kwa umiliki wala kwa lazima: “I've gotten a car” haimaanishi ninalo gari, na “I've gotten to go” ni nimepata nafasi ya kwenda.

“Get” na vijineno vyake

Hii ndiyo sehemu ambayo kanuni ya mabadiliko husaidia nusu tu. “Get up”, “get out”, “get back” zinaonekana wazi: kuamka au kusimama, kutoka, kurudi. “Get over” inaanza na kuvuka ukuta na kuishia kwenye kupona ugonjwa au kupoa kwa huzuni. “Get through” ni kupenya, kumaliza kipindi kigumu, na pia kupatikana kwa simu. “Get across” ni kufikisha maana. “Get by” ni kujikimu kwa kidogo ulichonacho. Lakini “get away with”, kufanya kosa bila kuadhibiwa, au “get down to”, kuanza kazi kwa dhati, au “get rid of”, kuondoa kabisa, hukaririwa kama maneno mamoja.

Vyombo vya usafiri vina mantiki yake. Basi, treni, ndege na meli ni “get on” na “get off”. Gari dogo na teksi ni “get in” na “get out of”. Chombo ambacho unaweza kutembea ndani yake, au unachokikalia juu kama baiskeli na farasi, huchukua “on”. Chombo unachoinama kuingia na kukaa papo hapo huchukua “in”.

Mahali pa kuweka kiwakilishi pana uzito. Katika “get across” ya kufikisha maana, kitu hukaa katikati: “get it across”. Katika “get over” ya kupona, hukaa mwishoni: “get over it”. Ukikiweka katikati na kuongeza “with”, “get it over with”, maana inakuwa maliza jambo hili lisilopendeza lituondokee. Vilevile “get on” ni kupanda, “get on with someone” ni kuelewana na mtu, na “get on with it” ni endelea na kazi, acha kupoteza muda. “Get back” ni kurudi, “get back to someone” ni kumjibu baadaye. Jifunze kila kimoja ndani ya sentensi kamili pamoja na kihusishi chake, kwa maana kihusishi kikidondoka maana nayo hudondoka.

Katika maandishi na katika masikio

Walimu wengi hukataza “get” katika insha. Katazo hilo lina sababu, lakini likifuatwa bila kupima huharibu. Barua ya kuomba kazi, ripoti na andiko la kitaaluma hupendelea “receive”, “obtain”, “become”, “arrive”, kwa sababu zinataja jambo kwa usahihi zaidi. “The company obtained a licence” inasema walifuata taratibu. “Got a licence” haisemi lolote kuhusu njia. Katika mazungumzo, hata hivyo, anayesema “I am becoming tired” au “I obtained a drink” anasikika kama anasoma hati. Na vipo ambavyo havina mbadala mzuri hata katika maandishi rasmi: “get up”, “get married”, “get used to” hubaki zilivyo.

Kwa anayesikiliza, ugumu mkubwa uko kwenye t. Wamarekani wengi huilainisha ikiwa kati ya irabu mbili hadi inakaribia d au r yetu nyepesi: “get it” husikika “gedit”, “get up” husikika “gedap”, “get out of it” hutoka kwa pumzi moja kama “gedaurevit”. Mbele ya konsonanti t huzibwa kooni au hupotea, hivyo “get back” ni “ge-bak”. Mazoezi mazuri ni kuchukua sentensi moja fupi iliyorekodiwa, kuiandika kama unavyoisikia kwa tahajia ya Kiswahili, kisha kulinganisha na maandishi yake. Ukifanya hivyo kwa “get” na kijineno chake, anza na vile vinavyofuatwa na irabu, “up”, “on”, “in”, “out”, “off”, “over”, kwani ndivyo vinavyoungana na t na kulificha neno.